Fundi Taratibu na Ufunguo Usio na Nukta

Kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Taratibu, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mshonaji. Mimi nilizaliwa miaka mitatu baadaye, nikakuta nafasi imeshajaa. Shemeji ndiye aliyeniomba niandike wasifu huu, akisema nilimjua marehemu kuliko mtu yeyote. Ni kweli. Nilimtazama kwa wivu maisha yangu yote, na mwenye wivu hapitwi na kitu. Naomba mnivumilie mpaka nifike kwenye ile kesi ya mwaka 1999, kwa sababu wapo hapa ambao hadi leo wakipita dukani kwetu husema lisemwalo lipo. Sitaki azikwe na neno hilo.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza mwaka 1974. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, kiasi kwamba mwalimu wa darasa la tatu alilitunza daftari lake, na zamu yangu ilipofika akanionyesha.

"Huyu si kaka yako?"

"Ndiye, mwalimu."

"Sasa wewe imekuwaje?"

Darasa zima likaangua kicheko. Kaka aliposikia, alikaa nami wiki mbili kila jioni akinifundisha kuandika herufi kubwa, bila kunicheka hata mara moja. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mwaka 1979 alianza kujifunza ufundi wa makufuli, na tarehe 1 Septemba 1985 akafungua duka lake. Lilikuwa na upana wa hatua nne: kaunta aliyoitengeneza baba, jiliwa moja la kubania chuma, mashine ya kuchongea, na ukuta mzima wa funguo zisizo na meno zikining'inia kwenye misumari. Aliniajiri mwaka uliofuata, nikiwa nimeshashindwa kazi tatu. Kwa mteja mwenye haraka alisema, "Taratibu, mama, mlango hauna miguu," na jina likamganda.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, hakuchonga ufunguo mpaka auone ufunguo wenyewe mkononi mwa mwenye mlango. Ukimletea alama ya ufunguo iliyokandamizwa kwenye kipande cha sabuni, alikurudishia sabuni yako ukaogee. Ya pili, kila ufunguo uliotoka dukani aliugonga nukta ndogo chini ya tundu la kutungia, ndogo kiasi kwamba mteja haioni. "Fundi asiyetia alama kazi yake anajiandaa kuikana," alisema. Alitaka na zangu nizitie nukta. Mimi niliona nukta ile ni yake, si yangu, na akigeuka naiacha.

Tarehe 10 Desemba 1988, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na shemeji yetu huyu mliyemwona hapa mbele. Kwa kumbukumbu sahihi, mimi ndiye niliyemwona kwanza. Alikuja dukani kusema amejifungia nje, nikamwambia arudi kesho, maana nilikuwa nakunywa chai. Kaka aliinuka, akachukua kikapu cha vifaa, akaenda naye. Mlango ulifunguka kwa dakika mbili na yeye akarudi baada ya saa tatu. Mungu aliwajalia watoto watatu, na wote watatu, kwa bahati yangu, wamefanana na yeye.

Sasa kesi. Asubuhi ya Jumanne tarehe 8 Juni 1999, duka la vitambaa la mtaa wa pili lilikutwa tupu. Mlango haukuvunjwa. Kufuli lilikuwa limefunguliwa kwa ufunguo mpya, na ufunguo wenyewe uliachwa humo humo. Mpelelezi hakutembea mbali. Aliingia kwetu saa nne, akauweka juu ya kaunta, akamwuliza kaka, "Huu unaujua?" Kaka aliushika, akaugeuza, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Siujui." Wakamchukua.

Alilala mahabusu usiku mbili. Alhamisi alisimama kizimbani, karani akamsomea shtaka la kula njama na kusaidia wizi, naye akajibu, "Si kweli, mheshimiwa." Hakimu alitaka wadhamini wawili wenye barua za utambulisho. Mmoja alikuwa kinyozi jirani yetu na wa pili nilikuwa mimi. Nilitia sahihi kwa mwandiko ule ule alionifundisha. Tulipotoka, askari wa zamu alimpa mkono kwa heshima, maana tayari alikuwa amewatengenezea bawaba ya mlango wa choo. Siku mbili ndani, na hata mahabusu walimpenda!

Kila baada ya siku kumi na nne tulirudi. Kesi inatajwa, mwendesha mashtaka anasimama na kusema upelelezi haujakamilika, hakimu anapanga tarehe nyingine, tunakwenda nyumbani. Wakati huo wateja hawakutaka kaka ayaguse makufuli yao. Alikaa nyuma ya duka akinoa visu na mikasi, nami nikakaa kaunta. Kwa mara ya kwanza watu waliniita mimi fundi. Nitasema ukweli: nililipenda jina hilo, na kila tarehe iliposogezwa moyo wangu ulitulia.

Mama alikuja mahakamani kila mara, na mkoba wake mapajani. Siku moja, tukiwa kwenye benchi la nje, alinishika mkono.

"Wewe unafanya naye kazi. Usinifiche, mwanangu. Ni yeye?"

"Mama, tuiachie mahakama," nikamjibu.

Hakuuachia mkono wangu. Kwa mara ya kwanza mama alimtilia shaka yeye na kunitegemea mimi, na nilitamani tusiinuke kwenye benchi lile. Alifariki tarehe 2 Aprili 2000, kesi ikiwa bado. Kaka alimzika akiwa mshitakiwa.

Ijumaa tarehe 18 Agosti 2000, baada ya mashahidi wanne, hakimu aliona hakuna ushahidi wa nani aliyeuchonga ule ufunguo. Akatamka kwamba mshitakiwa hana kesi ya kujibu. Lakini mtaani kuachiliwa si sawa na kusafishwa, na mnalijua hilo, kwa sababu wengine wenu mlibadilisha makufuli wiki hiyo hiyo.

Jambo moja lilinishangaza miaka yote. Ule ufunguo haukuwa na nukta. Kaka angeweza kuomba kielelezo kile, akaleta funguo zake hamsini mbele ya hakimu, na kesi ingekwisha mapema. Nilidhani amesahau.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Januari iliyopita, wodini, shemeji alipokwenda kuchota maji, kaka aliniita karibu.

"Jino la mwisho la ufunguo unalilaza mno," akasema. "Nimekuambia toka mwanzo. Hata ule wa duka la vitambaa ulilaza hivyo hivyo."

Nilikosa pa kuweka uso. "Ulijua?"

"Siku ile ile, juu ya kaunta."

"Na nukta? Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangeuliza ni nani mwingine anayechonga humu. Mimi nilijua sikuuchonga, nililala usingizi kule mahabusu. Wewe ungelala? Wewe hata stoo unaingia na mlango umeuacha wazi, kwa kuogopa kufungiwa."

Ndugu zangu, ufunguo ule niliuchonga mimi. Mtu mmoja alikuja na sabuni, akampita kaka, akanifuata mimi. Akaniambia, "Nimesikia wewe ndiye mwenye mkono wa kazi." Hakuna mteja aliyewahi kunichagua mimi. Sikumwuliza mlango ni wa nani, na nukta sikuigonga, maana nilitaka angalau ufunguo mmoja duniani uwe wangu. Sikujua kuhusu wizi. Lakini saa nne ile, kabla kaka hajaushika, niliutambua. Nilimwacha apelekwe. Nilimwacha mama afe akiwa na shaka naye. Kaka hakuniomba niyafiche wala niyaseme. Alifumba macho akasema nimwitie mkewe.

Alifariki Ijumaa tarehe 3 Februari 2023, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na miaka sitini na mmoja. Mkononi alikuwa ameshika ufunguo wa duka. Una nukta, nimeutazama.

Watu mliokuja leo mmejaa mpaka barabarani, na hata hili namwonea wivu, kwa sababu kwangu, baada ya haya, sijui atakuja nani. Basi mwenye kidole cha kunyoosha akinyooshe huku niliko, si kwenye jeneza. Lililosemwa lilikuwepo, ila mlikosea fundi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja, ambaye mama yake alimwuliza swali na hakulijibu. Namjibu sasa, mbele yenu. Hakuwa yeye, mama.

Kaka, pumzika kwa amani; jina lako halidaiwi tena na mtu.