Historia ya Fundi Rimu na Taa Aliyoizima

Ndugu yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Rimu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, mtoto wa tatu wa karani wa posta na mshona nguo, na familia imekubaliana kwamba leo historia yake isomwe yote, si ile nusu tamu tu.

Alimaliza sekondari mwaka 1997, akasomea ufundi wa magari, na mwaka 2004 akafungua karakana nyuma ya kituo cha mafuta, chumba kimoja chenye sakafu nyeusi kwa oili, akiuza rimu za magurudumu za kung'aa na kuzifunga mwenyewe. Alifunga ndoa tarehe 18 Juni 2006, wakajaliwa mabinti wawili, aliowadekeza bila aibu.

Miaka ya karibuni yakaja magari yenye sensa, vifaa vidogo ndani ya gurudumu vinavyopima upepo, tairi likipungua taa ya njano inawaka mbele ya dereva. Anayebadilisha rimu hutakiwa azihamishe sensa zake, zisipoingia anunue nyingine, na marehemu mwanzoni aliwaeleza wateja hivyo, wakamwambia fundi unatuzungusha, wakahamia kwa jirani yake. Basi naye akajifunza mchezo wa jirani, sensa za zamani za mteja akazitia ndani ya bomba la plastiki, akaliziba, akalijaza upepo, akalificha kwenye buti la nyuma, na gari likaamini matairi yake yamejaa daima.

Mkewe alimkuta akiweka bomba kama hilo kwenye gari lao wenyewe, akamwuliza, baba watoto, tairi likiisha upepo nani atatuambia, naye akacheka, akasema mimi si ndiye fundi, nitasikia. Kila safari alimwuliza tena, mpaka akaambiwa aache kuitia safari nuksi.

Marehemu hakuugua. Tarehe 2 Agosti mwaka huu, mchana, akirudi peke yake kwenye barabara kuu, tairi la nyuma lililokuwa likivuja taratibu lilipasuka, gari likapinduka, akafariki njiani akipelekwa hospitali. Dereva wa gari la kuvuta alilikuta bomba kwenye buti, halina mkwaruzo, limejaa upepo vilevile.

Tunawashukuru madaktari waliompokea, ingawa hawakuwa na la kufanya tena, majirani waliolala nasi sebuleni, na mafundi wenzake waliojitolea magari ya msafara.

Asubuhi hii mjane alitoka kuwakaribisha, akayatazama magari mliyoegesha, akazitambua rimu za mumewe huku na huku mpaka mwisho wa barabara, akarudi ndani, akakaa chini. Anaomba kila aliyefungiwa rimu na marehemu asiiamini taa, ashuke, apime tairi, mafundi wako getini na kipimo, na wameambiwa wasimwonee mtu haya. Tumechelewa kuanza kwa sababu gari la jeneza nalo limefunguliwa buti, bomba limo.

Tangulia, kaka, upumzike kwa amani, sisi tutakuja taratibu.