Bawa la Kushoto la Papa Célestin Lifoko (1938–2001)

Ndugu, jamaa na majirani,

Jambo la kwanza nililoliona kwa Papa Célestin ni kwamba alinusa mbao. Nilikuwa na miaka sita. Aliingia nyumbani kwetu, akamsalimu baba yangu, ambaye ni mdogo wake, kisha akapiga magoti mbele ya benchi letu. Alilowesha kidole kwa mate, akakipaka kwenye kiungo cha mbao, akaweka pua. Mama yangu aliona aibu.

"Papa Célestin, benchi yangu inanuka?"

"Hapana, mama. Hainuke. Ile ndiyo shida."

Siku hiyo sikuelewa. Leo ninaelewa, na kwa kuwa familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, nitayaeleza kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa. Familia iliniomba pia nipunguze maneno makali. Nimepunguza. Haya mtakayosikia ndiyo yaliyobaki.

Papa Célestin Lifoko alizaliwa Yanonge tarehe 14 Agosti 1938. Alikuwa mtoto wa tatu wa Papa Likoke, mvuvi, na Mama Adeline, aliyeuza samaki wa moshi. Kaka zake wawili walifuata mitego ya baba. Yeye alibaki ukingoni akitazama wachonga mitumbwi, na alirudi nyumbani na vipande vya mbao ndani ya kaptula mpaka mama yake akamshonea mfuko.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapo Yanonge kuanzia mwaka 1945 hadi 1951. Baadaye alipelekwa hapa mjini Kisangani, wakati huo ukiitwa Stanleyville, akajifunza useremala kwa miaka mitatu. Alimaliza Juni 1954, wa kwanza katika darasa la wanafunzi kumi na tisa. Cheti chake kipo. Tumekileta hapa, kwa sababu katika maisha yake kuna watu waliomwita mfanyakazi wa mikono asiye na elimu.

Mwaka 1955 aliajiriwa uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Mwaka huo zilifika kwa meli, ndani ya makasha, planeri tatu za mbao, mali ya klabu ya wazungu. Planeri ni ndege isiyo na injini. Huvutwa kwa kamba mpaka ipande, kisha kamba huachwa, nayo huelea. Hizi zilikuwa na viti viwili, bega kwa bega. Mbao zake ziliunganishwa kwa gundi iliyotengenezwa kwa maziwa, ambayo ikilowa hutoa harufu ya maziwa yaliyochacha. Hakuna fundi wa mji huu aliyewahi kutengeneza benchi kwa gundi hiyo. Ndiyo sababu alinusa.

Kwa miaka mitano alizitunza planeri hizo. Alibadilisha mbavu zilizovunjika, akashona kitambaa cha mabawa, akavuta kamba. Hakuruhusiwa kukaa ndani zikiwa zinaruka. Jumapili tarehe 12 Julai 1959, rubani mmoja mwembamba alitaka kuruka peke yake. Ndege haikukaa sawa ikiwa na mtu mwepesi mmoja. Ilihitaji uzito katika kiti cha pili, na wakaagiza mfuko wa mchanga. Papa Célestin alivua kofia akasema, "Monsieur, mimi niko kilo makumi sita. Mfuko uko kilo makumi sita. Mimi nitaingia." Walicheka. Waliweka mfuko, wakaufunga mkanda.

Mchanga wa mto wetu ulizunguka juu ya mji dakika kumi na mbili. Ndege iliposhuka, yeye ndiye aliyeufungua mkanda, akaumwaga mchanga na kufagia kiti. Alinisimulia jambo hili mara nyingi na hakuinua sauti hata mara moja. Mimi ninaiinua.

Wazungu wa klabu waliondoka mwaka 1960. Katika machafuko ya 1964 banda la Simi-Simi lilivunjwa, na planeri zote tatu zikapotea. Mwaka 1966 Papa Célestin alifungua karakana yake komini ya Tshopo, kwenye barabara ya kukatiza tunayoiita transversale ya kumi. Alitengeneza meza, madirisha na majeneza. Hapo ndipo alipokuja binti wa mfanyabiashara kutoka Butembo kuagiza rafu za duka la baba yake. Alikuwa Agathe Katungu. Aliagiza rafu nne, akarudi mara saba kuzikagua. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Julai 1974. Mama Agathe husema, "Niliolewa na bwana mumoja na ndege tatu. Bwana alikuwa mwepesi kumupata." Mungu aliwajalia watoto wawili, Sylvain na Viviane.

Ndege alizitafuta miaka ishirini na miwili. Alikuwa na daftari la jalada jeusi, na kila kipande kilichoonekana alikiandika: sehemu gani, kiko wapi, kwa nani, tarehe. Wengi wenu mlimwita Papa Ndege. Mlimwona akinusa vitanda sokoni, mkacheka. Mlicheka pia nilipokuwa nimesimama karibu naye, na nyuso zenu ninazikumbuka.

Kipande cha kwanza, kiwiliwili cha ndege, alikikuta mwaka 1976 kwa Mama Émilie, mjane aliyeishi karibu na Simi-Simi. Kilikuwa nyumba ya kuku.

"Papa, unanusa nyumba ya kuku yangu kwa nini?"

"Mama, hii si nyumba ya kuku. Iko ndege."

"Kama iko ndege, basi kuku yangu wako wasafiri. Lete tiketi na wewe uingie."

Alimjengea banda jipya, kubwa kuliko la zamani, lenye mlango na paa la bati. Kuku walikataa kuhama. Kwa juma zima Mama Émilie aliwatoa kwenye viti viwili vya ndege, na kwa juma zima walirudi. Siku ya nane Papa Célestin aliichukua ndege pamoja na jogoo mmoja aliyekuwa ndani, akaja kumrudisha kesho yake.

Mabawa mawili aliyapata mwaka 1989 kwa Papa Hemedi, muuza chumvi, aliyeyapanga kama rafu za magunia. Mkia aliukuta umeachwa katika shamba la zamani la kahawa. Kisha ikaja Noeli ya mwaka 1997. Papa Célestin alikwenda Yanonge kusali, kama kila mwaka. Mvua ilinyesha, paa la kanisa dogo likavuja, na katikati ya misa aliinua kichwa: harufu ya maziwa yaliyochacha. Dari juu ya altare lilikuwa bawa la kushoto la planeri nyingine. Chini ya bawa hilo alikuwa amesali zaidi ya miaka thelathini. Chini yake alikuwa amemuaga mama yake, Mama Adeline, siku ya mazishi, akisafiri kila upande wa jimbo kutafuta kitu kilichokuwa juu ya jeneza lake. Alicheka mpaka katekista Clovis akamwomba atoke nje.

Hakulichukua. Alikuwa tayari na bawa la kushoto. Alimwambia Clovis, "Acha Mungu aendelee kulitumia." Aliandika tu katika daftari.

Aprili 1998 ndege ilikuwa nzima katika karakana, imening'inia chini ya dari kwa kamba. Ilikosa kitambaa tu, na Mama Agathe alikuwa ameshaanza kununua. Papa Célestin alikuwa na miaka hamsini na tisa. Alikuwa na kilo makumi sita na mbili. Alijipima kwa makusudi. Agosti mwaka huo vita viliingia. Simi-Simi ikawa ya askari, na hakuna raia aliyeweza kukanyaga hapo.

Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni, yaliyosema yamekuja kutusaidia, yalipigana ndani ya mji wetu. Hawakupigana kwao. Walipigana hapa, juu ya vitanda vyetu, na kila upande ulisema ni upande wa pili ulioanza. Nimesoma historia miaka mitano chuoni na sijui neno la heshima la kuita jambo hilo.

Siku ya nne, jirani yetu Papa Néhémie alikuja karakana amembeba binti yake Élise, miaka minne, ndani ya kitenge.

"Célestin, mbao iko?"

"Imekwisha juzi."

Mama Agathe ndiye aliyeona macho ya mume wake yanapokwenda.

"Papa Sylvain," alimwambia mumewe, "usitazame juu."

"Nitazame wapi, Katungu?"

Alikata kamba. Aliteremsha bawa la kushoto, akalala chini ya meza ya kazi dakika chache mabomu yalipopita, akainuka, akachukua msumeno. Mhimili wa bawa ukawa fremu, mbao nyembamba zikawa kuta. Kwa siku mbili alitoa majeneza tisa. Saba yalikuwa ya watoto. Makaburi yalichimbwa ndani ya viwanja vya nyumba, kwa sababu njia ya makaburini ilikuwa njia ya risasi. Tarehe 9 Juni, akibeba jeneza la tisa pamoja na Sylvain, kipande cha bomu kilimwingia paja la kushoto.

Daftari jeusi liko mkononi mwangu. Kwa mwandiko uleule, mstari uleule, imeandikwa: "Bawa la kushoto, ncha. Transversale ya kumi na mbili, chini ya ukuta. Élise, miaka minne." Kisha: "Bawa la kushoto, mbavu ya tatu hadi ya saba. Transversale ya tisa. Mapacha." Mistari ni tisa. Aliendelea kuandika vipande vya ndege yake viko wapi, kama alivyofanya siku zote. Kuna watu wanaohesabu hasara za vita katika hoteli za mbali. Waje wasome ukurasa huu.

Kidonda kilifunga, kikafunguka tena. Naye alikumbuka dari la Yanonge. Clovis na waumini walikubali kulitoa, mradi awapelekee dari jingine, na alilitengeneza akiwa amekaa, mguu juu ya kiti. Mwezi Oktoba Lambert, msafirishaji wetu wa mtoni, alilipakia bawa katika mtumbwi mkubwa. Kwenye kizuizi askari walimwuliza anabeba nini. Lambert ni mtu mwaminifu. Alijibu kwamba ni bawa la ndege. Walimfunga siku nane kwa kosa la kusafirisha chombo cha vita. Walikuja mpaka karakana kuiona hiyo ndege, wakakuta haina injini wala bawa la kushoto, wakacheka, wakaondoka na randa mbili. Bawa lilirudishwa Yanonge.

"Lambert," Papa Célestin alimwuliza, "nani alikutuma kusema kweli?"

"Wewe, papa! Toka utoto unatuambia tuseme kweli."

"Kwa Mungu, ndiyo. Kwa barrière, unasema unabeba mihogo."

Januari mguu ulivimba. Tulimpeleka hospitali. Daktari alikuwapo, kitanda kilikuwapo, dawa haikuwapo. Ilikuwa imezuiwa mahali fulani, na mtu aliyeizuia amekula vizuri leo asubuhi. Papa Célestin alifariki Jumapili tarehe 11 Februari 2001, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na miwili. Wanaosema ni mapenzi ya Mungu wasimsingizie Mungu. Ni kipande cha chuma kilichotengenezwa kiwandani, kikalipiwa na kufyatuliwa na mtu.

Jana kwenye matanga nilisikia mtu akinong'ona, "Muzee ameacha mbao nzuri kule juu, na watu wanatafuta mbao ya sanduku." Nitamjibu mbele ya wote. Jeneza hili mnaloliona ni milango ya nyumba yake. Aliagiza mwenyewe, wiki mbili kabla, na akamwonyesha Sylvain mahali pa kukata. Mama Agathe amelala siku hizi mbili katika nyumba isiyo na mlango, katika mji huu, katika vita hivi, ili ubao hata mmoja wa ndege usiguswe. Kwa watoto wa jirani alitoa bawa. Kwake mwenyewe alikataza hata ubavu mmoja. Anayetaka kunong'ona tena aje anong'one kwangu.

Papa Célestin ameacha mjane, Mama Agathe Katungu, watoto wawili, Sylvain na Viviane, wajukuu watano, mdogo mmoja, ambaye ni baba yangu, na ndege moja yenye viti viwili, bawa la kulia na mkia. Alale salama katika udongo wa Kisangani, mahali ambapo hakuna bomu litakalomwamsha.

Jana jioni mtu wa baiskeli kutoka Yanonge alituletea habari. Lambert ameondoka tena, Jumatatu asubuhi, na bawa liko ndani ya mtumbwi. Safari hii ana karatasi ya Clovis yenye muhuri wa kanisa, iliyoandikwa: "Dari la altare." Si uongo. Na kama kuna askari hapa anayesikiliza, aandike hivyo: ni dari la altare.

Wenye kujua mto wanasema atafika Alhamisi, kama kizuizi kitamwachia. Bawa lina urefu wa mita nane na linataka watu kumi wa kulibeba bila kulikunja. Sylvain atakuwa ukingoni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mimi pia. Mliocheka, njooni, mikono yenu itafaa. Rubani bado hatuna, lakini kiti cha pili kimepata mwenyewe. Mama Agathe alijipima jana kwenye mizani ya chumvi ya Papa Hemedi. Hakuna mtu atakayeweka mchanga.