Kisimba Raymond, Aliyegeuza Maneno ya Budha huku Kapata

Ninyi muliokaa karibu na mulango, mi nawaona. Hata sijafungua mudomo, tayari munagusana mabega, munanong'ona ya kama karani wa mutaa wetu wa Kapata hawezi kugeuza maneno ya Budha kwa Kiswahili, ya kama ni mi mujane natunga. Mulikuwa wapi miaka ile yote? Kaye alizoandika, yale madaftari, ziko kwa chumba hiki cha nyuma, kwa mukono wake mwenyewe, basi nyamazeni, mi nilisoma primaire tu, shule ya musingi, na sitaki kupoteza mustari.

Marehemu Kisimba Raymond alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 kule Kabongo, mutoto wa pili wa tata Ngoy fundi wa mbao na mama Mukuna, akaingia shule ya misioni mwaka 1945, akatoka na cheti mwaka 1955, na tarehe 2 Januari 1958 akaandikwa karani huku Kolwezi kwa kampuni ya shaba, kazi yake ikiwa kugeuza barua za Kifaransa kwa Kiswahili ili bantu basikie, barua za kupandishwa cheo, barua za kuachishwa kazi, na ile mbaya kupita zote, barua ya kumwambia mwanamuke ya kama bwana wake hatatoka tena chini ya udongo.

Tulioana siku ya posho, Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1966, mi Mianda, Muluba wa Kasai niliyezaliwa hapa hapa Kolwezi, yeye Muluba wa Katanga, na siku ile hakuna mutu aliyeuliza tofauti, balikula, balicheza, balirudi kwao. Mungu akatupa Rachelle mwaka 1968, Stéphanie mwaka 1971, na wakati nilizani nimemaliza, akatupa Dodo, tarehe 5 Mei 1985.

Mwaka 1988 enjinia mumoja Mujapani, akirudi kwao, alimwachia kitabu cha Kifaransa, maneno ya Budha, kinene kama tofali, na Kisimba, mukatoliki asiyekosa misa, akasoma sura moja, akafunga kitabu, akasema: « Mianda, miaka makumi tatu nasomea bajane barua, kumbe maneno niliyokosa kuwaambia yalikuwa huku. » Akanunua kaye ya shule, akaanza. Kila akitoka kazi alinisomea mustari mumoja wakati mi natwanga sombe, majani ya mihogo, na mi, bila kuacha kutwanga, naurudilia, nikiweza unabaki, nikishindwa anaufuta, hakubishana hata siku moja. « Tata, hii ni Kiswahili ya wapi? Bamama ba soko bataisikia? » Anacheka, anafuta, anaanza tena. Hivyo tulimaliza kaye tatu kwa miaka mitano, na sombe ya nyumba hii ilikuwa laini kupita ya Kapata yote.

Mwaka 1990 mugodi uliporomoka, kisha mishahara ikakatika, kisha bantu bakatafuta wa kulaumu, bakatuona sisi ba Kasai. Mwezi wa tatu 1993 bakaja bakaniambia niende kwetu Kasai, mahali sijawahi kuona kwa macho. Rachelle alikuwa ameolewa kule Mutshatsha, Stéphanie akasema haniachi, na kwa gare, kituo cha treni, Kisimba akamushika Dodo mukono, akasema: « Mutoto ni wa ukoo wangu, hakuna atakayemugusa, umwache. » Nikamujibu: « Kama unamutaka, panda naye. » Akasema akiacha nyumba bengine bataingia, na kaye bataziwashia moto. Hakupanda, na mi sikumwacha mutoto. Tulilala kwa gare majuma saba, na tarehe 11 Juni, tukiwa tumepita Kamina, Dodo alikufa kwa surua, tukamuzika kando ya reli, mwenye treni akatupa nusu saa.

Nilirudi kutoka Kasai tarehe 17 Septemba 1997. Kisimba alikuwa ameandika kaye sita zingine, akaketi, akanisomea, na kilikuwa Kiswahili cha mimbari, kirefu, kilichopigwa pasi, mi nikasimama na muchi mukononi, sikuweza kurudilia hata maneno tano. « Tata, hii uliandikia nani? » Akajibu: « Hakukuwa na mutu nyumbani. »

Hapo mutu mwema angeketi amusaidie. Mi sikuketi. Miaka kumi na moja nilipika, nilifua, na akifungua kaye nilitoka inje, kwa sababu ya Dodo, naye hakuniuliza, wala mi sikujiuliza nani kati yetu alimwua mutoto. Alijaribu kusomea jirani yetu Feruzi, mwenye lori, akamujibu: « Tata Kisimba, Budha wako anasema mutu aache kutamani, mi nikiacha kutamani, mizigo ya Tenke itajipeleka? » Kapata yote ilicheka. Yeye alirudi kwa kaye zake.

Mwezi wa kwanza 2009 kifua kilimushika, akaanza kutema damu, na mwezi wa pili nikaleta kinu mpaka kando ya kitanda, nikamwambia: « Soma. » Tukafuta, tukatengeneza, kaye moja moja, mpaka ya nane. Ya tisa, ile aliyoiweka nyuma ya zote, aliiandika mwezi ule habari ya Dodo ilipomufikia. Aliniomba mara mbili aisome, nikasema kesho. Tarehe 6 Oktoba 2009, siku ya mbili ya kazi, saa mbili ya asubuhi, alikata roho.

Tunashukuru baganga na bauguzi, majirani ba Kapata, Feruzi aliyetoa lori bila kuombwa, na bakarani wazee bamoja bamoja bangali hai. Shemeji Banza anataka kaye zote ziingie kwa sanduku, anasema bitu bya kipagani biende na mwenyewe. Shemeji, nimekusikia, na jibu ni hapana. Ile ya tisa hakuna aliyeisikia bado, na kuna mistari ya kufuta.

Pumzika, Kisimba, mi sikupumzika nawe.

Chakula kiko kwa Stéphanie, mukamuombe yeye. Mi naingia kwa chumba hiki cha nyuma penye kaye, nafunga mulango, na mutu asigonge.