Likizo Tulizozipigia Vigelegele

Mgeni rasmi, mkurugenzi wa mfuko wa bima ya kukosa ajira, sisi wapiga pasi wa kiwanda hiki cha nguo tunakukaribisha kwa moyo mweupe. Utuwie radhi kwa joto. Mvuke huu ndio hewa yetu.

HISTORIA YETU
Tulianza tukiwa vibarua. Baadaye tukapewa mikataba mifupi, na kila mkataba ukiisha tunakaa nyumbani wiki moja, kisha tunarudi kwenye meza zilezile. Wiki hiyo tuliiita likizo. Tuliipigia vigelegele, tukamsifu bosi kuwa ana utu.

MAFANIKIO
Shati lililoungua hapa ni la kutafuta kwa tochi. Bima yenu nayo tumeiona ikifanya kazi. Fundi cherehani mmoja, mwenye ajira ya kudumu, alipopunguzwa, fao lilimshika mkono hadi akapata kazi nyingine, na watoto wake wakaendelea na shule.

CHANGAMOTO
Mkongwe wetu, tunayemwita Dada Mvuke, alipunguzwa siku moja na fundi huyo. Makato ya bima alikatwa kama sisi sote, kwa hiyo alikwenda ofisini kwenu kifua mbele. Karani akamwambia kwa upole, "Mama, bima inataka kazi isiyokatika. Kila mkataba ulipoisha, ulihesabiwa umeacha kazi. Kwetu wewe bado mgeni."

Kumbe likizo zetu ndizo zilizokuwa zikitufuta. Tulipigwa changa la macho na makofi tukapiga wenyewe. Inatuuma sana.

Sasa analala sebuleni kwa mdogo wake. Mama yao, anayeishi humo, ni mgonjwa wa moyo na hajaambiwa, basi kila asubuhi Dada Mvuke anaaga anakwenda kazini, anazunguka mjini mpaka jioni. Ameturuhusu tuyaseme haya.

MAOMBI
Tunaomba miezi yote tuliyofanya kazi ihesabiwe, hata ikiwa imekatwakatwa. Mwajiri akikata mkataba ili kutukwepa, abebe yeye mzigo huo. Mikataba yetu inaisha Ijumaa, na tunaogopa.

Mgeni rasmi, tulimchagua Dada Mvuke akusomee risala hii. Leo asubuhi mlinzi amemzuia getini, kwa kuwa si mfanyakazi. Ukitoka, tunaomba dereva wako apunguze mwendo. Utamwona kando ya ukuta, amevaa sare iliyonyooka kuliko zetu zote.

Mungu akujalie afya, akakulindie na kazi yako.

Ni sisi,
Wapiga pasi, mpaka Ijumaa.