Historia ya Kaka Yangu, Mfumaji Aliyekwenda Bungeni

Ndugu na majirani mliokaa chini ya turubai, waheshimiwa mliopewa viti vya mbele, na ninyi wafumaji wenzangu mliosimama ng'ambo ya barabara mkisema mmekuja kumpa pole mjane lakini jeneza hamligusi, mimi ni mdogo wa marehemu, familia imeniteua nisome, na spika moja nimeomba igeuzwe upande wenu ili asije mtu akasema kuna neno nimewaficha.

Kaka yangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, wa kwanza kati ya watoto watano, katika chumba cha pili cha nyumba za wafanyakazi zilizo nyuma ya ghala la pamba, baba akiwa mpakiaji wa marobota na mama akishona magunia, nami nilimfuata baada ya miaka kumi, kwa hiyo haya ya mwanzo nayasoma kama nilivyosimuliwa. Alianza shule ya msingi Januari 1966, akamaliza mwaka 1972, akaingia sekondari ya kutwa na kuiacha kidato cha pili baba alipovunjika mguu kazini, na walimu wake walimkumbuka kwa jambo moja, kwamba alikuwa na mdomo, hakubali kuchapwa mpaka ijadiliwe kwanza kosa ni la nani.

Tarehe 2 Mei 1978 aliajiriwa kiwandani, sehemu ya kufuma, na mwaka 1990 akachaguliwa katibu wa chama cha wafanyakazi tawi letu. Tarehe 11 Agosti 1997, kampuni ilipotaka kila mfumaji asimamie mashine nane badala ya sita, alizima za kwake, akapanda juu ya benchi, akasema yaliyosemwa, tukazima wote, tukakaa getini siku kumi na tisa, tukarudi ndani na mashine sita zetu, na tangu hapo akaitwa Mzee wa Sita.

Tarehe 20 Desemba 1984 alikuwa amefunga ndoa na shemeji yangu huyu, msokotaji wa nyuzi, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu saba, na shemeji ameniruhusu niseme kwamba kaka alitetea wafanyakazi wa kila idara isipokuwa wa jikoni kwake.

Mwaka 2005 aligombea ubunge, tukamfanyia kampeni kwa miguu kila zamu ilipotoka, tukiamini mdomo ule ule utatusemea huko mbele. Tarehe 14 Juni 2007 tulikuwa kantini, televisheni imewashwa, tukamwona kwa macho yetu akinyoosha mkono na kusema ndiyo kwa sheria inayotutaka tutoe taarifa ya siku sitini kabla ya kugoma, hakuna aliyemaliza chakula chake, na kufika jioni jina lilikuwa limebadilika, anaitwa Mheshimiwa Ndiyo, nami nililitumia kama wengine. Jumapili yake nilimfuata nyumbani, akanieleza kwamba alikubali ili abaki kwenye kamati apate kuirekebisha sheria hiyo baadaye, na kama alisema kweli sikujua siku ile na sijui leo, ila hiyo baadaye haikufika, nami sikukanyaga kwake tena mpaka alipougua.

Hapa historia ya marehemu inaingiliana na yangu, mnivumilie. Mwaka 2008 mlisema hamtaki tena katibu mwenye maneno, kwa kuwa mwenye maneno lazima atatamani bunge, mkanichagua mimi, si kwa lolote ila kwa sababu siwezi kusema mbele za watu, na Machi 2009 meneja aliponiita juu ya zile mashine nane, niliketi, nikanywa chai, nikaitikia kwa kichwa, nikasaini. Mlipotaka kugoma, siku sitini za taarifa zilitosha kampuni kufundisha watu wapya, mkanyamaza. Kwa hiyo hizo nane mnazozikimbilia mpaka leo mmoja alizisemea ndiyo, mwingine hakuzisemea hapana, na wote wawili tumenyonya ziwa moja. Na mkiniona na maikrofoni msianze kunong'ona, sigombei kitu.

Mwaka 2010 alianguka vibaya, hata nyumba za wafanyakazi hazikumpa kura. Februari 2021 alianza kubanwa kifua, na daktari alipomuuliza kazi yake akajibu mfumaji, binti yake akamsahihisha kwamba ni mbunge mstaafu, wakabishana mpaka daktari akasema mapafu haya ni ya mtu aliyevuta vumbi la pamba. Nilikwenda kumwona kila Jumamosi, na kila nilipoingia aliniuliza wafumaji wanasemaje, nami nikamjibu wanakusalimia, nikadanganya hivyo miaka miwili na miezi. Alifariki Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, wodi namba tano, akiamini mlimsalimia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi hiyo, majirani mlioleta maji na viti bila kuombwa, na waheshimiwa mlioacha shughuli zenu. Kwa wafanyakazi wenzake nimeshindwa kuandika shukrani mpaka nijue mtafanya nini. Ratiba mliyonayo inasema jeneza litabebwa na waheshimiwa, lakini shemeji amekataa, anataka watu wa kufuma, na sitawaomba mumsamehe, mimi mwenyewe sijui kama nimemsamehe, nawaomba tu mvuke barabara mumsalimie, ili nilichomwambia kisibaki uongo. Pembe ya mbele kushoto nitashika mimi, zilizobaki ziko wazi.

Pumzika kwa amani, kaka, wakivuka au wasipovuka.