Sufuria Isiyogeuka Kahawia: Maisha ya Mzee Peremende

Marehemu, ambaye wengi mliofika hapa mlimjua kwa jina la Mzee Peremende, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho kabla ya karakana. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mchochea makaa wa garimoshi, na mama yake alishona sare za shule kwa cherehani ya mkono.

Alianza masomo mwaka 1959 katika shule ya msingi ya reli, akamaliza darasa la nane mwaka 1966. Hesabu hazikumpiga chenga. Mwandiko ndio uliomshinda. Walimu waliuita wa kuku, na hadi mwisho wa maisha yake lebo za chupa zake za pipi aliandikiwa na mkewe.

Mwaka 1967 aliajiriwa katika kiwanda cha peremende kuosha masufuria. Baada ya miaka mitatu akawa mpishi wa sukari. Kipimajoto alikidharau. Alitazama rangi tu, na sukari ikifikia kahawia ya chai ya rangi, aliipua. Mwaka 1976 alifungua karakana yake mwenyewe, chumba kimoja chenye meza ya marumaru, majiko mawili na dirisha lililotazama shule.

Jino lilimpeleka kliniki Februari 1978. Muuguzi wa meno aliyempokea alimuuliza anafanya kazi gani, naye akajibu kwa fahari. "Kumbe ni wewe!" muuguzi akasema. "Wewe ndiye unayetujazia benchi hili." Alirudi kliniki mara tatu, ingawa jino lilikuwa limeng'olewa siku ya kwanza. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979, wakajaliwa watoto watatu. Kifungua mimba, binti aliyezaliwa Septemba 1980, ndiye anayewasomea wasifu huu.

Binti huyo alipofika miaka saba, shavu lilimvimba hadi jicho likafumba. Alilazwa tarehe 2 Oktoba 1987. Usaha ulikuwa umeteremka shingoni, na kwa siku tatu madaktari hawakuahidi chochote. Aliondolewa meno manne. Marehemu alikuwa na desturi ya kumpa mwanawe pipi moja kila siku baada ya chakula cha mchana, moja tu, kwa mkono wake mwenyewe, na mkono ule sasa aliuchukia. Walipomrudisha mtoto nyumbani, alimwambia kwamba pipi basi, hatampa tena. Mtoto akauliza, "Na za watoto wengine, baba, hizo hazitoboi meno?" Siku ile marehemu hakuwasha jiko.

Mkewe ndiye aliyemletea habari ya zailitoli, sukari inayotokana na magunzi ya mahindi na mbao za miti fulani. "Wadudu wa meno wakila sukari yako wanatoa tindikali, na hiyo ndiyo inayotoboa jino," alimweleza. "Hii hawawezi kuitumia. Wanabaki na njaa yao, na mate yanazidi kulisafisha jino."

"Basi mswaki tuutupe," marehemu akasema.

"Utupe uone!"

Kazi haikuwa nyepesi. Alimimina zailitoli sufuriani akasubiri rangi, na rangi haikuja. Akaongeza moto, akasubiri tena, maana kwa miaka yote hiyo macho yake ndiyo yaliyokuwa kipimo. Zailitoli haigeuki kahawia kama sukari, hata mpishi aipigie magoti. Masufuria kumi na moja yalimharibikia kabla hajameza kiburi na kununua kipimajoto. Mei 1991 zikatoka pipi nyeupe, ndogo, zenye ubaridi mdomoni. Kwa furaha aligawia majirani beseni zima bila kipimo, na kabla ya jua kuzama kila choo cha mtaa kilikuwa na foleni. Tangu hapo chupa zake ziliandikwa: "Tano kwa siku, zisizidi. Mbwa asipewe kabisa, ni sumu kwake."

Mwaka 1992 alizima jiko la sukari moja kwa moja. Wateja wakamkimbia, na jamaa wakasema amerukwa na akili. Alishikilia. Kliniki ya mkewe ikaanza kumwagiza, kisha ile shule ya jirani, ambako watoto walipewa pipi moja baada ya kula. Hakuwahi kujigamba kwamba zinatibu meno. Alisema zinasaidia kuyakinga, na mswaki uko pale pale.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alivumilia matibabu bila kununa, ila chakula kisicho na chumvi alikilalamikia kila siku. Tarehe 4 Juni 2024 alimwita kifungua mimba wake kando ya kitanda.

"Mwanangu, nisamehe," alisema. "Ile pipi ya kila siku. Nilikuwa nakuua huku nacheka."

Binti alilia. Kisha akatoa siri aliyoificha tangu utoto. "Baba, haikuwa moja. Ukitoka kupeleka mizigo, nilikuwa nafungua debe la pipi zilizovunjika. Nilijaza mifuko. Nilikuwa nalala nazo mdomoni."

Marehemu akacheka mpaka akakohoa.

"Heri ulinyamaza," alisema. "Ungeniambia siku ile, ningelitia debe kufuli, basi, nikaendelea kupika sukari."

Aliaga dunia tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Ameacha mjane, dada mmoja, watoto watatu na wajukuu saba. Hatia aliyoibeba miaka yote hiyo aliitua mwenyewe, hapa hapa duniani, kwa kicheko. Na apumzike katika amani aliyokwisha kuionja.