Boma la Dolatbai Ndani ya Shayiri

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Mzee Shadrack. Mkuu wetu wa kazi, Bwana Crispus. Ndugu Noordin, mume wa mwenye shughuli. Wazee wetu, akina mama, ndugu wageni waalikwa mliotoka Brampton mkachelewa kwa sababu ya foleni, na ninyi wa hapa hapa Weston mliochelewa bila sababu yoyote: hamjambo? Naona sambusa zimeanza kuzunguka, kwa hiyo najua sina muda mrefu.

Kwa wasionifahamu, naitwa Faudhia. Tangu mwaka 2002 nimekaa meza moja na Dolatbai katika kampuni ya ramani kule Downsview, hapa hapa Toronto, katikati ya maghala, ambako wenzetu wanapakia malori na sisi tunaitazama dunia kutoka juu. Ndege hupiga picha, nasi huzisoma: huu mto, hii njia, hili shamba la mtu. Leo anaagwa. Haondoki kwa kuichoka kazi, na nisingependa mtu yeyote atoke humu akidhani hivyo. Anaondoka kwa sababu macho yake yamefifia katikati. Pembeni bado anaona mwanga, lakini kitu anachokikabili hakioni. Kwa mtu aliyeishi kwa kutazama, hilo ni jambo zito, na nimelilia, tena si mara moja.

Siku yangu ya kwanza alinipa picha ya mashamba, akaniuliza naona nini. Nikajibu kwa kujiamini, "Naona shimo."

"Arre! Shimo?" akasema. "Hicho ni kilima, beti, binti yangu."

Akaizungusha picha taratibu mpaka vivuli vya pichani vikaelekea kifuani kwangu, na lile shimo likainuka, likawa kilima mbele ya macho yangu. Kila mgeni wa kazi hii hujikwaa hapo, kwa sababu huishika picha kama alivyofundishwa shuleni kuishika ramani, kaskazini juu, na kivuli kinamchezea jicho. Hata leo nikigombana na mume wangu, kabla sijafungua mdomo kwa mara ya pili, naisikia sauti ya Dolatbai ikisema: geuza picha kwanza. Mume wangu yuko pale nyuma, anacheka, anajua ni kweli.

Ndugu zangu, mwaka 2003 zililetwa mezani kwetu picha za Uskoti, zilizopigwa majira ya joto wakati mvua imekataa kunyesha. Kulikuwa na shamba la shayiri juu ya kilima, shamba la kawaida tu. Dolatbai aliinama juu yake na lenzi yake, asiinue kichwa mpaka chai yake ikapoa. Kisha akaniita, lakini kwa sauti ndogo, kama mtu aliyemwona swala na hataki akimbie.

Ndani ya shayiri iliyokauka kulikuwa na mistari ya kijani. Ilizunguka kilima, mmoja ndani ya mwingine, mitatu. Akanieleza. Zamani sana, kabla ya watu wa huko kujua kuandika, kilima kile kilikuwa na boma. Walichimba mahandaki kulizunguka. Boma likafa, mahandaki yakajaa udongo, jembe likapita juu yake karne baada ya karne hadi ukisimama pale huoni kitu. Lakini udongo ule wa handaki ni mzito, hutunza maji. Jua likizidi, shayiri yote hugeuka manjano, isipokuwa ile iliyoota juu ya handaki, ambayo bado inakunywa. Basi kwa wiki chache, kwa aliye angani peke yake, boma hurudi. Mvua ikinyesha, linaondoka tena.

Na upande wa mashariki, mistari yote mitatu ilikatika mahali pamoja. "Hapa," akasema, "ndipo walipokuwa wakiingilia nyumbani." Akalichora lango kwa penseli.

Lakini idara yetu ina kanuni. Alama ya namna hiyo haiingii kwenye ramani mpaka ionekane katika picha mbili za miaka tofauti, maana picha moja inaweza kuwa na mkwaruzo, na jicho moja linaweza kuwa na hamu. Kanuni hiyo aliitunga nani? Dolatbai mwenyewe. Aliitunga kwa ajili ya vijana kama mimi, tuliokuwa tunaona makaburi ya wafalme katika kila kivuli cha mti. Bwana Crispus alikuwa na uchungu siku ile, namkumbuka. Akamwambia, "Mama, kanuni ni yako. Mimi nitaivunjaje?"

Akajibu, "Usiivunje. Nitasubiri."

Boma likawekewa alama ya kuuliza, naye akaanza kusubiri. Sidhani kama kuna mtu mwingine Toronto nzima aliyeichukia mvua ya Uskoti kama yeye. Picha mpya zilikuja, tena zaidi ya mara moja, na kila mara zilipigwa katika majira ya mvua: kilima kijani kitupu, kimejifunika, kimelala. Ofisini watu wakaanza kunong'ona kwamba huenda kweli ulikuwa mkwaruzo. Mnong'ono wa watu aliuweza. Wake mwenyewe ndio uliomshinda. Macho yalipoanza kufifia aliniuliza, tukiwa kwenye treni ya kurudi nyumbani, "Faudhia, na kama niliota?"

Ndugu Noordin ataniwia radhi nikisimulia safari yao. Walikwenda huko Uskoti. Alimpeleka mke wake mpaka juu ya kilima kile, wakamkuta mkulima, wakamuuliza liko wapi boma. Yule bwana akawatazama, akasema babu yake alilima hapa na yeye analima hapa na hajapata kuona kitu. Ndugu Noordin, mnamjua, akasema, "Haya, tumevuka bahari kuja kuangalia shayiri ya watu." Dolatbai alijilaza pembezoni mwa shamba, shavu lake juu ya nyasi, akafumba macho. Aliporudi nilimuuliza alisikia nini. Akaniambia, "Nilijisikia kama nimefika nyumbani kwa mtu, nikapiga hodi, na mwenyewe ametoka kidogo tu."

Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo. Ni nani aliyelifunga lango lile kwa mara ya mwisho? Alilifunga kwa hofu, au alilivuta tu, akidhani jioni atarudi? Na sisi tuliomo ukumbini humu, ni wangapi tulivuta mlango mahali fulani, Iringa, Kampala, Bukoba, tukamwambia jirani tunarudi sasa hivi? Dolatbai alizaliwa Iringa. Nyumba ya baba yake haipo tena, pamejengwa kitu kingine. Wajukuu zake wanaelewa Kiswahili chake chote, nao wanamjibu kwa Kiingereza. Naye anacheka, anasema, "Waacheni, kiko chini huko, kinakunywa." Basi msimwone mtu anasumbukia boma la wageni mkadhani hana kazi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hata yeye halijui. Dolatbai, kaa vizuri.

Mwaka huu wa 2018, kama mlisikia, Uskoti ilinyimwa mvua kiangazi kizima. Mimi na Bwana Crispus tulikuwa tunafuatilia hali ya hewa ya huko kama watu wenye mahindi shambani. Bwana Crispus akawapigia simu wenzetu wanaorusha ndege, akawaomba wapite juu ya kilima kimoja tu. Picha imefika wiki hii. Hatukukwambia, kwa sababu tulitaka kanuni yako ifuatwe mpaka mwisho. Mchoro wako wa zamani ulifungiwa kabatini nisiutazame tena. Nikaisoma picha mpya peke yangu, nikachora nilichokiona na si ninachokitamani, kama ulivyonifundisha. Nami nakuapia, nilikuwa naomba Mungu. Kisha Bwana Crispus akautoa mchoro wako, akaulaza wangu juu yake kwenye meza ya taa, ile ya kioo inayowaka kutoka chini.

Mistari mitatu, Dolatbai. Imelaliana. Lango liko mashariki, pale pale ulipoliweka.

Hukuota.

Jana ile alama ya kuuliza ilifutwa. Boma lako liko kwenye ramani, kwa wino, na litabaki humo hata mvua ikinyesha miaka mia. Bwana Crispus, ahsante sana. Ungeweza kusahau, hukusahau. Ndugu Noordin, ahsante kwa kuvuka bahari. Mheshimiwa Mwenyekiti na ndugu zangu nyote, ahsanteni kwa kunipa masikio yenu, na kwa kuziacha sambusa zipoe kwa ajili yangu.

Nilichobakiza si hotuba. Picha tumeiweka ukutani pale, kubwa, kila mtu atakwenda kuitazama. Lakini mwenyewe hataiona, na mimi siwezi kustahimili kumwelezea kwa maneno. Naomba ukumbi ukae kimya kidogo, nishuke nije hapo ulipoketi, Dolatbai.

Jambo moja la mwisho. Safari hii kiangazi kilikuwa kikali kuliko kile cha kwanza, na ndani kabisa, ukishapita lango, limejitokeza duara dogo ambalo wewe hukuwahi kuliona. Ni nyumba. Mlango wake umeelekea langoni, upande ambao mtu angeingilia.

Lete kiganja, nikuchoree. Tunaanzia nje.